Ndoo Inayojaa na Kupwa: Kujitengenezea Kifaa cha Mawimbi kwa Tangi la Matumbawe

Mtu aliyewahi kusimama ukingoni mwa mwamba wakati wa kusi, maji yakiwa yanaanza kujaa, anajua kwamba wimbi si mkondo. Mkondo husukuma upande mmoja bila kupumzika. Wimbi hufika kwa mkupuo, hulaza kila kinachopepea, hutulia kitambo, kisha huyarudisha maji yalikotoka. Matumbawe yamekulia katika hali hiyo. Kwa kuwa hayawezi kuhama, maji ndiyo yanayoyaletea oksijeni na chakula, na ni maji hayo hayo yanayoondoa ute na mchanga unaoyaangukia. Juu ya ngozi ya tumbawe hai kuna utando mwembamba wa maji yaliyotuama, na kadiri utando huo unavyokuwa mnene ndivyo gesi na virutubisho vinavyopita kwa shida. Wimbi huuvunja utando huo kila linapopita, tena kutoka pande tofauti, kazi ambayo pampu inayopuliza upande mmoja kutwa kucha haiwezi kuifanya ipasavyo.

Katika tangi la nyumbani upungufu huo huonekana kwa macho: matumbawe yaliyo mbele ya pampu huwa yamejikunja, na nyuma ya jiwe hilo hilo uchafu huwa umelala kama vumbi juu ya kabati. Zipo pampu za kielektroniki zinazoiga mawimbi, nami sizikosoi, kwa kuwa hazina kelele na hazichukui nafasi; lakini bei yake ni kubwa, nyingi huagizwa kutoka nje, na kidhibiti chake kikiungua si rahisi kumpata fundi mwenye kipuri. Kifaa ninachokieleza hapa kinatumia ndoo, mabomba ya PVC na pampu moja ya kawaida, na nguvu ya wimbi lake inatokana na uzito wa maji yenyewe.

Wazo hili si langu. Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian, Marekani, aliyatikisa maji ya matangi yake kwa ndoo zinazojaa, zikapinduka na kumwaga maji yote kwa mara moja. Ndoo za namna hiyo hufanya kazi vizuri sana, ila hurusha maji na hugonga usiku kucha. Bruce Carlson, wa Akwariamu ya Waikiki mjini Honolulu, alitumia sifoni, yaani bomba linalojivutia maji lenyewe, badala ya ndoo ya kupinduka, kwa hiyo hapakuwa tena na kitu cha kuzunguka wala cha kugonga, na wafugaji wa matumbawe mpaka leo hukiita kifaa hicho kwa jina lake. Ninaufuata mtindo wake, pamoja na mabadiliko mawili matatu niliyojifunza baada ya kulowesha sakafu yangu mwenyewe.

Namna kinavyofanya kazi

Kila aliyewahi kumwona dereva akihamisha mafuta kwa mpira ameiona sifoni. Mpira ukishajaa, mafuta hupanda, huvuka mdomo wa tangi na kushuka upande wa pili yenyewe, mradi upande wa pili uko chini zaidi na hakuna hewa inayoingia njiani. Hapa hakuna wa kuvuta kwa mdomo. Ndoo inakaa juu ya tangi, na pampu iliyo ndani ya tangi inaijaza polepole. Ndani ya ndoo kuna bomba lililopinda mithili ya bakora: mguu wake mfupi unatazama kitako cha ndoo, mgongo wake unapita kwenye ubavu wa ndoo karibu na juu, na mguu mrefu unashuka nje hadi kwenye maji ya tangi. Maji yakipanda hadi kuuvuka mgongo, huanza kumiminika upande wa pili, hubeba hewa iliyomo bombani, na mara bomba likijaa lote, sifoni hushika. Hapo ndoo hupwa kwa sekunde chache, mdomo wa bomba hupata hewa, sifoni hukatika, na pampu huanza kujaza upya.

Maelezo ni mepesi kiasi hicho, na ndiyo maana wengi hulikata bomba siku hiyo hiyo na kulipachika. Ugumu uko katika kulinganisha vipimo vitatu: kasi ya pampu, upana wa bomba, na ujazo wa maji yanayomwagwa ukilinganishwa na eneo la uso wa tangi. Pampu ikiwa dhaifu kwa bomba ulilonalo, maji yatachuruzika juu ya mgongo kama mtaro wa mvua na sifoni haitashika kamwe. Pampu ikiwa na nguvu kupita kiasi, sifoni itashika na haitakatika, kwa kuwa ndoo inajazwa kwa kasi inayokaribia ile ya kumwaga. Kimoja cha vipimo hivyo kikibadilishwa, vingine viwili havina budi kupimwa upya.

Nitatumia tangi la urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, kwa kuwa ndilo nililolifanyia kazi. Uso wake wa maji una sentimita 6,000 za mraba, kwa hiyo kila lita 6 zinazoongezwa huinua maji kwa sentimita 1. Ndoo ya kawaida ya lita 20 ina kimo cha sentimita 36 au 37, na kwa mpangilio nitakaoueleza itamwaga takriban lita 14, yaani maji ya tangi yatapanda na kushuka kwa sentimita 2.3 hivi. Mwenye tangi dogo la sentimita 60 kwa 30 asitumie ndoo hii, maana lita hizo 14 zingeinua maji yake kwa karibu sentimita 8. Na atafute chombo cha lita 5 na bomba jembamba zaidi.

Vifaa

Ndoo iwe ya plastiki ya kubebea chakula au maji ya kunywa, yenye kifuniko, na isiwe iliyowahi kuwekwa rangi, dawa ya shambani au sabuni. Kwa sifoni utahitaji bomba la PVC la milimita 32 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 28 hivi, urefu wa mita moja na nusu, pamoja na elbo tatu, ambazo mafundi wengine huziita kona. Kwa njia ya dharura utahitaji bomba la milimita 40 na elbo moja. Ongeza viungo viwili vya tangi vyenye nati na mpira wa kuzuia kuvuja, mrija laini wa plastiki wa aina inayotumika kwa pampu za hewa, silikoni safi isiyo na dawa ya kuua ukungu, na gundi ya PVC. Kwa zana, msumeno wa chuma, tupa, drili yenye kekee ya kutobolea duara, futikamba na pima maji vinatosha.

Chuma cha aina yoyote kisiguse maji. Viungo vya shaba ndivyo hatari kuliko vyote, kwa kuwa shaba kidogo tu huwaua kamba, konokono na matumbawe hata kama samaki wamestahimili. Mabomba ya mabati nayo huachia zinki. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi mazoea ya kukata mpira wa tyubu ya gari ili kuzibia tundu, maana zinki hutumika katika kuukomaza mpira huo. Ule unaouzwa pamoja na kiungo cha tangi unatosha, na ukikosa, tafuta wa silikoni.

Pampu iwe ya kuzama majini na iweze kufikisha lita 1,000 kwa saa kwenye kimo cha ndoo. Usiliamini tarakimu lililoandikwa kwenye boksi, kwa sababu hilo hupimwa bila kupandisha maji popote; pampu iliyoandikwa lita 1,500 hadi 2,000 ndiyo ambayo kwa kawaida hubaki na lita 1,000 ikiinua maji kwa sentimita 80. Ipime mwenyewe: ielekeze kwenye chombo cha lita 10 kilichowekwa kwenye kimo hicho, uhesabu sekunde. Ikijaza kwa sekunde 36 hivi, inafaa.

Kutoboa na kuunganisha

Weka ndoo juu ya meza iliyonyooka na upime kutoka kitakoni kwenda juu. Kitovu cha tundu la sifoni kiwe kwenye sentimita 25. Kitovu cha tundu la dharura kiwe kwenye sentimita 33, upande mwingine wa ndoo. Mifano mingi niliyoiona hutoboa kitako cha ndoo na kupitisha bomba wima, na muundo huo ni mzuri kwa kuwa bomba halionekani, lakini mpira wa kitakoni ukilegea ndoo yote humwagika mahali usipopataka. Tundu la ubavuni likivuja, hupoteza maji yaliyo juu yake tu. Toboa taratibu, drili ikiwa katika kasi ndogo, na uweke kipande cha ubao ndani ya ndoo ili plastiki isipasuke. Kisha laini ukingo wa tundu kwa msasa hadi kidole kisihisi mkwaruzo, kwa sababu mpira wa kiungo hauzibi juu ya makovu.

Ubavu wa ndoo umepinda, nao unapanuka kuelekea juu, hivyo kiungo cha tangi hakitakaa sawasawa kama kwenye ukuta ulionyooka. Mpira uwe upande wa ndani, paka silikoni kidogo pande zake zote mbili, kaza nati kwa mkono mpaka iguse, acha silikoni ikauke kwa siku nzima, ndipo ukaze robo duru zaidi. Ukikaza kwa nguvu tangu mwanzo, mpira hutoka nje ya mahali pake, na hutajua mpaka ndoo imejaa.

Ndani ya ndoo, unganisha elbo kwenye kiungo ikitazama chini, kisha mguu mfupi wenye urefu wa kutosha ili mdomo wake uishie sentimita 4 juu ya kitako. Nje ya ndoo, unganisha elbo ya pili ikitazama chini, kisha mguu mrefu. Mgongo wa bomba uwe mlalo kamili. Weka pima maji juu yake, kwa sababu mgongo ulioinama kuelekea ndani huacha kijifuko cha hewa kinachoichelewesha sifoni. Elbo ya tatu hukaa mwishoni mwa mguu mrefu, ndani ya tangi, ikielekeza maji kwa upande.

Sasa unakuja mrija wa pumzi, ambao mimi nauona kuwa ndio roho ya kifaa hiki, ingawa wengi huuacha. Toboa tundu dogo juu ya elbo iliyo ndani ya ndoo, ingiza mrija laini, uzibe kwa silikoni bila kuacha upenyo hata wa sindano, kisha uushushe mrija kando ya mguu mfupi hadi ncha yake iwe sentimita 5 au 6 juu ya kitako, yaani juu kidogo ya mdomo wa bomba. Ndoo inapopwa, maji huifikia kwanza ncha ya mrija. Hewa huingia moja kwa moja kwenye mgongo wa sifoni, na sifoni hukatika papo hapo. Bila mrija, mdomo wa bomba hubaki ukinyonya nusu maji nusu hewa, kwa sauti ya mtu anayemalizia uji kikombeni, na mchanganyiko huo ndio unaojaza tangi viputo vidogo ambavyo hukwama kwenye matumbawe. Pampu yako ikiwa na nguvu kidogo kupita kipimo, mnyonyo huo unaweza kuendelea usiku kucha na ndoo isijae tena.

Bomba la dharura ni elbo ya milimita 40 kwa nje, ikifuatiwa na bomba linaloshuka hadi tangini. Kazi yake ni moja: sifoni ikikataa kushika kwa sababu yoyote, maji yote ya pampu yarudi tangini kwa njia hiyo bila kuvuka mdomo wa ndoo. Liwe pana kuliko la sifoni, kwa kuwa maji hayalipitii kwa kuvutwa kama kwenye sifoni bali kwa kuteremka tu.

Gundi ya PVC iachwe ikauke kwa saa 24, kisha mabomba yote yasuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa hadi harufu iishe. Mimi huvigundisha viungo vya nje peke yake. Elbo na mguu wa ndani ya ndoo huingizwa kavu, kwa kuwa hata kama vikivuja kidogo maji hubaki ndoo ile ile, na siku ya kusafisha huvitoa kwa mkono. Sehemu ya juu kabisa, kwenye elbo yenyewe, haitakiwi kupitisha hewa, kwa hiyo zungushia tepu ya mabomba.

Jaribio la uani

Kabla ya kukipeleka kifaa karibu na tangi, kijaribu uani kwa maji ya kawaida. Weka ndoo juu ya meza au stuli mbili zilizopandishwa, chini yake weka diaba lenye pampu, na uhakikishe kwamba kitako cha ndoo kiko sentimita 40 hivi juu ya maji ya diaba. Ncha ya mguu mrefu izame sentimita 2 tu. Kipimo hiki cha mwisho kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Bomba likizama, hewa iliyomo ndani hufungiwa kati ya maji ya ndoo na maji ya diaba, na ili itoke ni lazima isukumwe hadi kwenye kina cha mdomo wa bomba. Kwa hiyo maji ndani ya mguu mfupi hubaki chini ya maji ya ndoo kwa kiasi kile kile ambacho bomba limezama. Ukilizamisha sentimita 10, ndoo italazimika kujaa sentimita 10 juu ya mgongo ndipo maji yavuke, na kabla ya hapo yatakuwa yameshafika kwenye bomba la dharura. Mara ya kwanza nilipokifunga kifaa hiki nilikizamisha bomba hadi karibu na mchanga, nikidhani kwamba nitapunguza kelele, nikakaa jioni nzima nikitazama bomba la dharura likifanya kazi ambayo sikulipa.

Kwa vipimo nilivyovitaja, sifoni hushika maji yakiwa kwenye sentimita 28 au 29, ukingo wa chini wa bomba la dharura ukiwa sentimita 2 juu yake. Ndoo hujaa kwa sekunde 50 hivi na kupwa kwa sekunde 20 au zaidi kidogo, kwa kuwa bomba la milimita 32 katika kimo hicho hupitisha takriban lita 0.9 kwa sekunde, na wakati huo huo pampu inaendelea kuongeza. Hesabu mizunguko 20 na uandike sekunde zake. Kisha liache jaribio liendelee siku nzima, ukizima na kuwasha pampu mara kadhaa ndoo ikiwa tupu, ikiwa nusu na ikiwa karibu kumwaga, kama umeme utakavyofanya wenyewe siku moja bila kukuuliza.

Kukiweka juu ya tangi

Lita 20 za maji ya bahari zina uzito wa zaidi ya kilo 20, na sehemu kubwa ya uzito huo huja na kuondoka zaidi ya mara elfu moja kwa siku. Rafu ya misumari ya zege miwili haitoshi. Tengeneza fremu ya mbao inayosimama sakafuni, au mabano yaliyofungwa ukutani kwa boliti, na ndoo isikae juu ya kioo wala juu ya ukingo wa tangi kwa hali yoyote. Mguu mrefu ufungwe kwenye fremu kwa vibanio viwili, kwa sababu maji yanapoanza kukimbia bomba hutikisika, na mtikisiko wa kila dakika hulegeza kiungo ndani ya wiki chache.

Pampu ikae upande wa tangi ulio mbali na mdomo wa sifoni, ikiwa na chujio mbele yake, hasa kama unafuga anemoni, wanyama laini wa mwambani ambao huweza kuhama na kunyonywa. Bomba linalopanda kutoka kwenye pampu liishie juu ya ukingo wa ndoo, likimwaga maji kutoka hewani. Ncha yake ikizama ndani ya ndoo, umeme ukikatika maji yatarudi chini kwa njia ya pampu yenyewe. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Soketi hiyo ilindwe kwa swichi ya RCD, inayokata umeme mara unapovuja. Mahali penye maji ya chumvi yanayorushwa, hili halina mjadala.

Kisha jaza tangi ndoo ikiwa tupu. Narudia kwa makusudi: ndoo ikiwa tupu na pampu ikiwa imezimwa, maji ya tangi yafikie alama ya juu kabisa unayoikubali, sentimita 3 chini ya ukingo, na uichore alama hiyo kwenye kioo. Kwa kuwa pampu inachota kutoka kwenye tangi hilo hilo, maji ya tangi hayawezi kupita alama hiyo, ndoo ifanye itakavyofanya. Mimi nilikuwa nimeongeza maji jioni moja ndoo ikiwa karibu kujaa, nikaona tangi limepungua, nikalijaza hadi ukingoni kwa kuridhika kabisa. Dakika moja baadaye zaidi ya lita kumi zilikuwa kwenye vigae, zikielekea kwenye waya wa kuongezea umeme uliolala chini.

Wenye tangi la pili la chini, lenye vichujio, wafikirie tofauti kidogo. Kama pampu ya ndoo inachota huko chini, maji yatakayopanda na kushuka ni ya tangi hilo la chini, na kwa kuwa kwa kawaida uso wake ni mdogo, mabadiliko ni makubwa: kwa tangi la sentimita 60 kwa 40, lita 14 ni karibu sentimita 6. Kifaa kinachoongeza chenyewe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kitadanganyika, kikidhani kwamba maji yamekauka kila ndoo inapojaa, na kitaongeza maji baridi kila dakika hadi chumvi ishuke. Bomba la kupeleka maji chini nalo liweze kupokea, juu ya kazi yake ya siku zote, lita 3,000 na ushei kwa saa katika zile sekunde 20 za mkupuo. Kwa anayeanza, naona ni salama zaidi kuchota kutoka kwenye tangi kuu.

Matumbawe mbele ya mkupuo

Mdomo wa sifoni usielekezwe kwenye mchanga wala kwenye tumbawe lililo karibu. Uelekeze sambamba na kioo cha nyuma au kwenye jiwe tupu lililo sentimita 20 hivi mbele yake, ili maji yagawanyike yanapogonga, na mkupuo ukifika upande wa pili ugeuke na kurudi. Matumbawe yenye matawi, kama Acropora, yanayoishi sehemu ya juu ya mwamba ambako mawimbi huvunjika, yakae kwenye njia ya maji. Yale yenye nyama ndefu inayoning'inia, kama Euphyllia, yakae pembeni, kwa kuwa nyama yao huchanika ikisuguliwa kwenye kiunzi chao chenyewe. Dalili ya mpangilio mzuri ni kwamba mkupuo unapopita kila kitu hulala, na unapokwisha kila kitu husimama tena. Tumbawe lililobaki limefumba baada ya siku tatu lihamishwe. Na kwa kuwa wengi wetu tunaishi karibu na bahari, niseme kwamba matumbawe ya tangini yapatikane kwa vipande vilivyokuzwa na wafugaji wengine. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na ndani ya hifadhi za bahari, kama vile zinazozunguka visiwa vya Bongoyo na Mbudya, Dar es Salaam, kuokota ni kosa.

Katika wiki ya kwanza mkupuo utafumua uchafu wote uliokuwa umejificha nyuma ya mawe, na maji yatachafuka. Vumilia, safisha kichujio kila siku, usikizime kifaa. Utaona pia kwamba maji yanapungua haraka zaidi kwa sababu ya mvuke, hivyo ongeza maji baridi hadi kwenye ile alama, pampu ikiwa imezimwa na ndoo ikiwa tupu, na uupime uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ubaki kati ya 1.025 na 1.026. Kifuniko cha ndoo, kilichotobolewa matundu ya bomba na ya hewa, huzuia sehemu kubwa ya ukoko wa chumvi, ingawa taa na viungo bado vitahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi kila wiki.

Pampu ya wati 30 inayofanya kazi saa 24 hula uniti 0.72 kwa siku. Umeme ukikatika, ndoo hubaki na maji yaliyokuwemo, au humalizia tangini mkupuo uliokwisha kuanza, na hakuna kinachomwagika nje. Ukirudi, mzunguko huendelea ulipoachia, isipokuwa kama mrija wa pumzi umeingiwa na mwani, na hapo huwa sifoni haikatiki.

Hitilafu nyingine ninazozijua ni chache. Sifoni iliyokuwa ikishika ikaanza kuchuruzika, tafuta kwanza hewa inayopenya kwenye elbo ya juu au kwenye silikoni ya mrija, halafu uangalie kama pampu imepoteza nguvu. Ukisikia mlio wa kunyonya mwishoni mwa kila mkupuo, ncha ya mrija imesogea chini ya mdomo wa bomba. Ipandishe kwa sentimita 1. Wakati mmoja mkupuo wangu ulidhoofika kwa wiki mbili bila sababu niliyoweza kuiona, mpaka nilipoitoa elbo ya chini na kumkuta konokono mnene amejipachika ndani yake, akila mwani wa ukutani bila haraka. Tangu hapo nimebandika karatasi kando ya ndoo yenye sekunde za siku ya kwanza, 50 za kujaa na 22 za kupwa, na kila Jumapili huhesabu tena: kujaa kukifika sekunde 60, naifungua pampu na kuisugua kwa siki, kupwa kukifika 30, naanza kumtafuta konokono.